Mgonjwa akisema "tumbo", niandike "stomach" au "abdomen"?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Wagonjwa wetu hujieleza kwa Kiswahili, lakini faili tunaziandika kwa Kiingereza. Hivi karibuni mama mmoja alisema tumbo linamuuma, nami nikaandika "stomach pain". Msimamizi wangu alilikata neno hilo na kuandika "abdominal pain". Kamusi yangu inasema "stomach" ni tumbo, "abdomen" ni tumbo, na "belly" pia ni tumbo. Kosa langu ni lipi, na maneno haya yanatofautianaje?

Jibu: Msimamizi wako amekuelekeza vyema, na kamusi yako nayo haikukudanganya. Tatizo ni kwamba kwetu tumbo ni jina la mahali kabla ya kuwa jina la kiungo: ni eneo lote la mbele ya mwili kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye kinena, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake. Tunaposema ndugu wa tumbo moja tunakusudia mji wa mimba. Anayeharisha husema tumbo linamsumbua ingawa tatizo liko kwenye utumbo. Na mwenye tumbo la hedhi haeleweki kuwa amekula chakula kibovu. Msikilizaji hutambua maana kwa muktadha, na mazungumzo yanaendelea bila shida.

Kiingereza cha hospitali hakina nafasi hiyo. Huko "stomach" ni kiungo kimoja tu, yaani mfuko wa misuli unaopokea chakula kutoka kwenye umio, uliolala sehemu ya juu ya tumbo, zaidi upande wa kushoto, na ambao kwa mtu mzima hubeba takriban lita 1 hadi 1.5 baada ya mlo. "Abdomen" ndilo eneo lenyewe, ambamo mna mfuko huo, ini, wengu, kongosho, utumbo na viungo vingine. Kwa hiyo ulipoandika "stomach pain" ulikuwa umekwisha kumtajia daktari kiungo ambacho mgonjwa hakukitaja, na hilo si kazi ya anayepokea maelezo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililifanya mwenyewe nilipoanza kazi ya ukalimani wa hospitali. Kijana mmoja alisema tumbo linamkata tangu usiku, nami nikatamka "his stomach hurts". Daktari, ambaye hakujua Kiswahili, akaanza kuuliza kuhusu kiungulia, pilipili na kula kwa kuchelewa, na kijana akajibu kila swali kwa adabu, hadi muuguzi alipomwomba aoneshe kwa kidole. Akaweka vidole viwili chini ya kitovu, upande wa kulia, akakunja uso. Ilikuwa kidole tumbo, na kwa neno moja nilikuwa nimempotezea muda ambao hakuwa nao. Tangu siku hiyo sitamki neno lolote la Kiingereza kwa ajili ya tumbo kabla ya kuuliza, "Wapi hasa? Nioneshe." Akigusa chembe cha moyo, andika "epigastric pain", akigusa chini ya kitovu, andika "lower abdominal pain" na utaje upande. Asipoweza kuonesha, "abdominal pain" inatosha, kwa kuwa haidai zaidi ya alichosema.

Jambo la kukuchanganya ni kwamba Waingereza na Wamarekani wenyewe, wakiwa nyumbani, hutumia "stomach" kwa upana kama sisi. Mtu akisema "I have a stomach ache", mfasirie kwa maumivu ya tumbo na usiende mbali zaidi. Vivyo hivyo "stomach flu" si mafua hata kidogo. Ni maambukizi ya njia ya chakula yanayoleta kuhara na kutapika, na kuyaita mafua ya tumbo ni kumpoteza msomaji.

Visawe vingine vinatofautiana kwa heshima na kwa rika. "Belly" ni neno la kale la Kiingereza lililotokana na maana ya mfuko wa ngozi, na leo hutaja zaidi tumbo linaloonekana kwa nje. Si tusi, lakini halikai vizuri kwenye faili. "Tummy" ni lugha ya watoto, na linafaa unapozungumza na mtoto wa miaka 4. "Paunch" ni kitambi. "Gut" ni utumbo, na kwa wingi, "guts", humaanisha pia ujasiri.

Ujasiri huo uliwahi kukaa hata katika "stomach". Neno hili lilitoka Kigiriki, kwenye shina lenye maana ya mdomo, na mwanzoni lilitaja koo kabla ya kuteremka hadi kwenye mfuko wa chakula. Katika hotuba inayonasibishwa kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza huko Tilbury mwaka 1588, anasema ana moyo na "stomach" ya mfalme, yaani ushupavu. Mabaki ya maana hiyo yako katika matumizi ya leo: "he has no stomach for it" ni hana moyo wa jambo hilo, na kitenzi "to stomach" ni kuvumilia au kustahimili. Ukikutana nayo, liache neno tumbo kabisa.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao hata wenye uzoefu huuingia. Vidonda vya tumbo si lazima viwe "gastric ulcers", kwa sababu "gastric" ni kivumishi cha mfuko wa chakula peke yake, ilhali vidonda tunavyoviita hivyo huweza kuwa kwenye mfuko huo au mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Jina linalofunika vyote viwili ni "peptic ulcers", na ndilo la kuandika mgonjwa anapokuambia aliwahi kuambiwa ana vidonda vya tumbo.

Kwa upande wa pili, utakapotafsiri maelekezo kwa mgonjwa, tumbo mara nyingi halihitajiki. "Take on an empty stomach" ni meza kabla ya kula. Dawa nyingi za namna hiyo humezwa saa moja kabla ya mlo au saa mbili baada yake, ila ufuate kilichoandikwa kwenye dawa husika. Na "lie on your stomach" ni lala kifudifudi. Niliwahi kusikia mgonjwa akiambiwa alale juu ya tumbo lake, naye akabaki ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono tumboni, akisubiri aelezwe tena.