Leki, mdogo wangu, chagua maji kwanza, kayaki itafuata

Juzi usiku kijana mmoja wa Bukavu ameniandikia mesaji ndefu. Anasema: "Yaya, mkubwa wangu, niko na dola mia saba, nataka kayaki moja, ule mtumbwi mwembamba wa kasia, ya kuzunguka ziwa, halafu niingie nayo kwenye mito yenye maporomoko, na siku moja niipeleke Muanda kwenye mawimbi ya bahari. Unishauri ninunue gani." Niliisoma mara tatu. Sikumjibu palepale, moyo uliniuma, juu hiyo mesaji ni yangu kabisa, ningeiandika mimi miaka sita iliyopita kama kungekuwa na mtu wa kumwandikia hapa Goma. Hakukuwa na mtu. Basi namjibu hapa, na wengine wenye ndoto kama yake wasome, najua mko wengi.

Mimi nilianza kwa video. Niliona wale jamaa wa Steve Fisher, mpiga kasia wa Afrika Kusini, waliopita maporomoko ya Inga mwaka 2011, kwenye mto wetu, mto Kongo wenyewe, na katika majina ya waliopiga kasia sikukuta Mkongomani hata mmoja. Roho yangu iliwaka. Nikasema lazima niwe na kayaki kama zile. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja hapa mjini anayeleta vitu vya okazyo, vilivyokwisha kutumika, kutoka Kampala, akanipatia moja ya njano, fupi, haifiki mita mbili, chini imelala kama sahani. Nilimuuliza, mzee, hii inaenda ziwani? Akanijibu kayaki ni kayaki na maji ni maji. Nikalipa dola 450, akiba ya miezi minane. Alijua. Mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia vizuri kama hakuna kitu, mimi napita.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nikatoka Kyeshero, hapa Goma, kuelekea upande wa kisiwa cha Tchegera, asubuhi ziwa limetulia kabisa, na bado nilikuwa sisongi mbele. Ukipiga kasia kulia pua inakimbia kushoto, ukipiga kushoto inarudi kulia, saa nzima nilikuwa nasahihisha tu. Sikujua kwamba kayaki ile imetengenezwa makusudi ili izunguke, mtu achezee nayo juu ya wimbi la mto, kuzunguka ndiyo kazi yake. Ilipofika kama saa nne upepo ukaamka. Wanaokaa kando ya ziwa Kivu wanajua, asubuhi linakudanganya halafu mchana linabadilika. Wimbi la tatu au la nne likanipindua. Sikujua kujiinua, nilivuta ile sketi ya kufunika kayaki nikatoka kwa bahati tu, na nilipoishika kayaki ilikuwa imejaa maji, juu ndani hamkuwa na kitu chochote cha kushika hewa. Kayaki ya lita mia mbili ikijaa ni kilo mia mbili za maji, huwezi kuinyanyua, huwezi kuimwaga, unaning'inia tu. Chini yako kuna ziwa ambalo kwenye kina kikubwa linapita mita 400.

Pirogi ya moteri iliyokuwa inaleta makala ya kupikia kutoka upande wa Minova ndiyo iliniokota. Mama mmoja alivua kitenge chake cha juu akanifunika, hakuniuliza kitu, akanishika mkono mpaka tulipofika. Mungu amubariki yule mama. Lakini kulikuwa na kijana pale ndani aliyekuwa ananifilmu, ile video ikazunguka kwenye WhatsApp ya kartye nzima, hata shemeji yangu aliniletea kuniuliza kama ni mimi. Watu walicheka sana. Mimi sikuona cha kucheka na sioni mpaka leo.

Sasa sikiliza vizuri leki. Mwaka uliofuata niliipakiza ileile kayaki ya njano mpaka Jinja, Uganda, kwenye Nile, kwa watu wanaojua. Wiki mbili. Mule ndani ya maji makali ile kayaki ikawa kitu kingine kabisa, inageuka kabla hujamaliza kufikiri, inakaa juu ya wimbi lililosimama kama mtu amekaa kwenye kiti. Nililia, nasema ukweli, nilikaa kwenye jiwe nikalia, juu nilikuwa nimeitukana bure. Haikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyeipeleka kwenye maji yasiyo yake.

Kwa hiyo kayaki moja ya vitu vitatu haiko, anayekuambia iko anataka pesa yako. Ya ziwa na bahari iliyotulia ni ndefu, mita tano hivi, nyembamba, sentimita 55 mpaka 60, chini ina mgongo kama samaki, inakata maji na kwenda moja kwa moja. Ndani imegawanywa kwa kuta, mbele na nyuma kuna vyumba vyenye vifuniko, ukipinduka maji yanaingia pale unapokaa tu, na nje kuna kamba inayozunguka ya kushikilia. Ya mto ni fupi. Kama unaanza, usichukue ya kuchezea kama mimi, tafuta ile ya mita mbili na nusu kupanda, nene, pua na mkia vimeinuka juu, ikizama inarudi yenyewe. Na uangalie kilo zako, mimi niko na 82 na ya njano ilikuwa ya mtu mwepesi, mkia ulikuwa unazama hata nikikaa kimya.

Mawimbi ya Muanda ni habari nyingine tena. Wimbi la mto linasimama pamoja, maji ndiyo yanapita, la bahari lenyewe ndilo linatembea na linakubeba. Ukiingia humo na kayaki ndefu ya mita tano, pua inachoma chini mbele ya wimbi na mkia unakuja juu ya kichwa chako. Kule ni fupi, au ile ya kukaa juu yenye matundu ya kumwaga maji, pamoja na mikanda ya mapaja, na kaske, kofia ngumu, kichwani. Na usiingie mahali watu wanaoga, kayaki tupu iliyobebwa na wimbi inavunja mtu mguu.

Ya pili niliipata baada ya miaka miwili ya akiba, hiyo miaka sielezi. Mzungu mmoja wa shirika alikuwa anarudi kwao, akaniuzia ya plastiki, mita 4 na nusu na zaidi, ina usukani wa miguu. Niliivusha Grande Barrière, mpaka wetu na Rwanda, halafu jamaa wa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, wakaibeba mpaka nyumbani, watoto wote wa avenyu nyuma yetu. Ile siku nilijisikia mtu.

Lakini kununua ni nusu ya kazi, na hapa ndipo vijana wengi hawataki kunisikia. Kayaki unaivaa kama kiatu. Lazima ikuguse matako, mgongo, nyonga mbili, mapaja na nyayo, ukiinamisha kiuno na yenyewe iiname palepale. Kiatu kikubwa huwezi kukimbia nacho. Mimi mara ya kwanza niliweka vipande vya godoro pembeni mwa kiuno, vikanywa maji vikawa vizito, baada ya wiki vikaoza. Nikaenda kwa fundi viatu nikanunua vipande vya kambambili, ile musi, sponji ngumu isiyonywa maji, nikavikata kwa kisu, nikavikwangua kwa msasa, nikabandika na kole yake, nikaacha siku moja vikauke. Vimekaa mpaka leo. Unaongeza kidogokidogo, unakaa ndani nusu saa pale nyumbani, miguu ikifa ganzi unapunguza. Na usijibane mpaka ushindwe kutoka. Kwanza kabisa, kwenye maji ya kifuani na mtu amesimama kando yako, unajipindua makusudi, unavuta kile kitanzi cha mbele cha sketi, unatoka. Kitanzi kibaki nje siku zote, ukikifungia ndani umejifungia kaburi.

Hewa nayo. Kayaki isiyo na kuta ujaze mifuko ya hewa, na kama huna pesa, mipira ya ndani ya magurudumu ya pikipiki au bidoni, madumu, tupu zilizofungwa sana, kila lita ya hewa ni lita moja ya maji isiyoingia. Hata yenye kuta usiiamini kwa macho. Mimi nilimwaga maji kwenye chumba cha nyuma nikangoja, yakatokea kwenye kiti, nikaziba kwa silikoni. Kasia la mto sentimita 195 hivi, la ziwa 220, usiazime la rafiki mrefu kuliko wewe ukadhani ni sawa tu. Bidoni iliyokatwa ya kukombea maji, ifungwe na kamba. Filimbi.

Na jile, ile koti ya kuelea. Siku ya tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 wote tuliona mambo ya Kituku, bandari ya hapa Goma, ile boti iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi, imezama karibu ifike, watu kwenye forodha wanaangalia, makumi wamekufa. Halafu mtu ananiandikia jile inamkaza, anaiweka nyuma ya kiti. Ndugu yangu, jile ya nyuma ya kiti ni mzigo. Ivae, ufunge, mtu akuvute mabegani, ikipanda mpaka masikioni si saizi yako. Usijione fundi. Hendri Coetzee wa Afrika Kusini alikuwa fundi kweli, amepita mito mingi mikali, na mwezi wa 12 mwaka 2010 mamba alimchukua kwenye mto Lukuga, hapa hapa kwetu. Kivu halina mamba, mshukuru Mungu, lakini lina mazuku, ile gesi nzito inayolala kwenye mashimo kando ya ziwa huku kwetu kaskazini, haina rangi, unalala huamki. Ukichoka usivute kayaki kwenye kibonde ukajilaza pale, panda juu penye upepo. Na kabla ya kutoka uliza bandarini kama ziwa limefunguliwa, kuna siku linafungwa.

Mwezi uliopita nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, nikapita palepale nilipookotwa. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, walikuwa wanarudi na pirogi zao tatu zilizofungwa pamoja, wakanipigia mluzi, mmoja akapaza sauti, "Unaenda kama samaki!" Sikuwa na mtu wa kunifilmu ile siku.

Kwa hiyo leki wa Bukavu, zile dola mia saba usitoe hata moja bado. Ziwa liko mlangoni kwako, mto na Muanda viko mbali, basi anza na ndefu. Mto Ruzizi pale chini usiuguse, una mabarage, mabwawa ya umeme. Ukipata kayaki ya kuuzwa nitumie picha ya chini yake, si ya juu, na picha ya ndani ya vyumba vyote viwili. Na tafuta kambambili za zamani za watu wazima, jozi tatu zinatosha.