Mkungu au mkrismasi?

SWALI: Shikamoo mama. Tumehamia kwetu Kigamboni, kiwanja mita 20 kwa 30, mchanga mtupu, na jua la alasiri linatupiga barazani mpaka linazama. Tunataka mti mmoja mkubwa wa kivuli. Mimi napenda mkrismasi kwa maua yake, mume wangu anataka mkungu. Mama mkwe anasema mkungu utanifagiza maisha yangu yote. Muuza miche ana mkungu wa mita 3, eti tukiupanda leo, mwakani tunakaa chini yake. Tuuchukue?
Mama wawili, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkweo hajakosea. Mkungu ukianza kupukutisha, yale majani mapana yanageuka mekundu na kumwagika ua mzima, na aghalabu hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Lakini nani kakwambia mkrismasi haupukutishi? Vijani vyake ni vidogo kama punje, vinajaza gata na kuziba bomba la tangi. Jani la mkungu utaliokota kwa mkono. Tena mkrismasi wakati wa kiangazi unabaki matawi na maganda meusi yananing'inia, mizizi yake inatambaa juujuu na kunyanyua pevingi, na matawi hukatika upepo ukivuma. Kwa maua, haya, umeshinda. Kwa kivuli cha pwani, mimi niko na mume wako: mkungu unavumilia mchanga na chumvi ya bahari.

Upande upande wa magharibi wa baraza, maana ndiko jua lenu la alasiri linakowapigia. Mti huu unatandaza matawi ghorofa kwa ghorofa, mita 10 na zaidi ukikomaa, kwa hiyo uwe mbali na ukuta wa jirani, na mbali zaidi na karo. Mizizi inafuata unyevu.

Huo mche wa mita 3 uacheni. Inamisha kiriba utazame chini: kama mzizi umetoboa nailoni na kuzama ardhini, muuzaji ataung'oa kwa nguvu na mzizi mkuu utabaki kwake. Kama haujatoboa, basi umejizungusha humo ndani. Chagua mfupi, unaofika kiunoni, shina nene, majani mabichi hadi chini. Utaupita huo mrefu, utaona.

Panda vuli ikishaanza. Shimo liwe pana mara tatu ya kiriba, kina kile kile cha kiriba, usizidishe, mche usije ukadidimia. Chana nailoni yote uitoe. Samadi iwe iliyooza, ichanganye na mchanga. Majani makavu tandaza kuzunguka mche bila kugusa shina. Hapo ufagio wako utapata faida. Mvua zikikata, mwagilia ndoo nzima mara mbili kwa wiki kuliko kikombe kila siku. Na fundi asije akamwaga zege mpaka shinani, wanapenda sana kufanya hivyo.

Mwakani hamtakaa chini yake. Upeni miaka mitatu, minne, huku mkiondoa matawi ya chini kidogo kidogo mpaka mtu apite bila kuinama.

Kungu zikiiva, watoto watagonga kokwa kwa mawe na usiku popo watakuja. Kamba ya nguo ihamishie upande wa pili wa nyumba. Madoa ya popo yanaisumbua hata sabuni ya mche.