Nina Jumapili asubuhi tu, Central Park nitaimaliza?

SWALI: Hujambo mhariri. Mwezi ujao naenda New York kikazi, ratiba imebana balaa, nimebakiwa na Jumapili asubuhi tu mpaka saa saba mchana hivi. Natamani sana kuiona Central Park. Je kuna kiingilio? Halafu mi huwa napotea hata sokoni, ntaweza kuizunguka yote peke yangu?
– Mpoteaji

JIBU: Kiingilio hakuna, wanafungua saa kumi na mbili asubuhi na hakuna wa kukuuliza tiketi. Ila kuizunguka yote sahau ndugu yangu, ile kitu ni ekari 843, urefu wake tu kilometa 4, ukiilazimisha utarudi hotelini miguu imevimba na unachokumbuka ni migongo ya watu.

Ingia upande wa magharibi, mtaa wa 72, nyoosha mpaka Bethesda. Pale kuna chemchemi yenye malaika wa shaba, kazi ya Emma Stebbins, iko pale tangu 1873. Usiishie kupiga picha na malaika ukaondoka kama wengi wanavyofanya, pita chini ya ngazi uangalie juu, dari lote ni vigae vya rangi.

Kuhusu kupotea, dawa iko kwenye nguzo za taa. Kila moja ina namba nne, mbili za mwanzo ni mtaa ulio jirani na wewe, ya mwisho ikiwa shufwa uko mashariki, ikiwa witiri uko magharibi (hesabu za darasa la pili hizo, hazijapotea bure). Kwahiyo ukiona 7413 ujue uko usawa wa mtaa wa 74, magharibi. Mi nazipenda hizo taa kuliko ramani ya simu, maana kwenye vichaka vya Ramble, kamsitu ka humo humo bustanini, vijia vinajipinda mpaka unakutana na jiwe ulilolipita mwanzo. Na ukisikia gari zinaunguruma halafu huzioni usishtuke, Olmsted na Vaux, waliobuni hiyo bustani, kwenye mchoro wao wa 1858 walizizamisha barabara za kukatiza chini ya usawa wa bustani. Hata maziwa unayoyaona yalichimbwa, ila miamba ndo ya asili.

Kutoka Bethesda panda kaskazini magharibi mpaka kati ya mtaa wa 82 na 89. Utaona nyasi tu na miti, lakini hapo palikuwa na Seneca Village, kijiji kilichoanza 1825, wengi wao watu weusi, baadhi wana viwanja vyao wenyewe, wana makanisa na shule, mwaka 1857 wakaondolewa wote ili bustani ipite. Tafuta vibao vya maelezo usome taratibu, hapo usiwe na haraka.

Zile baiskeli za kubeba abiria zinacharji kwa dakika, uliza bei kabla hujakaa. Ukimaliza tokea mtaa wa 86 upande wa magharibi, stesheni ya treni iko hapo hapo nje.