Wadogo zangu wa fildi, acheni kuahidi siri

Juzi nilipita nje ya chumba cha mahojiano nikamsikia mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyekuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, akimwambia mtoto, "Niambie tu, itabaki kati yetu wawili." Moyo ukanipasuka. Kila kundi likiripoti, wiki haiishi kabla sentensi hiyo haijatamkwa.

1. Jalada la mteja lisomwe kabla ya ziara ya nyumbani, si mkiwa mlangoni.

2. Usiri. Biestek mnamkariri kama wimbo, kanuni zake 7 za mwaka 1957 za uhusiano wa mhudumu na mteja, ila hamfiki pale anaposema haki ya mteja kutunziwa siri ina mipaka. Nami sikufika. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliketi na binti wa miaka 12. Alikuwa anabandua ukingo wa meza kwa kucha. Akaniuliza, "Ukiambiwa kitu, unakisema?" Nikajibu upesi, "Sisemi, naapa." Nikajiona bingwa: dakika 20 tu na ameniamini! Akanieleza anayotendewa nyumbani usiku. Kalamu ikiwa bado mkononi nikatambua sina hiari, kwamba msimamizi lazima ajue na taarifa itoke siku hiyohiyo. Nilipaswa kumwambia yeye kwanza. Nikaona aibu, nikasingizia naenda kutafuta fomu. Niliporudi nimefuatana na msimamizi, binti alinitazama mara moja tu, kisha akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. Alipelekwa mahali salama, na taarifa ile ningeitoa tena hata leo. Ila kwangu hakufungua kinywa tena. Kila swali alilijibu kwa kutikisa kichwa, mpaka jalada akapewa mwenzangu.

Siku hizi huanza hivi, kabla sijauliza lolote: "Mengi utakayoniambia yatabaki humu. Nikisikia unaumizwa, au kuna mtu yuko hatarini, itabidi nimwambie anayeweza kusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua ni nani." Wapo wanaonyamaza wakisikia hivyo. Mwache anyamaze, mpangie siku nyingine.

3. Tathmini. Andika ulichoona na ulichosikia. "Familia isiyojali" ni umbea ulioandikwa kwa wino. Mimi niliwahi kuandika "mama hatoi ushirikiano", kwa mwandiko mzuri kabisa, nikapiga na mstari. Kumbe mama sikio la kushoto halisikii, na ziara zote tatu nilikaa kushoto kwake! Msimamizi alicheka hadi akavua miwani. Mimi sikucheka, maana sentensi ile ilikuwa imeshasomwa kwenye kikao cha kesi.

4. Ukitoa rufaa, yaani ukimwelekeza mteja kwenye huduma nyingine, piga simu ujue kama alifika.

Yule wa juzi nimemwita ofisini mchana huu. Ametuma ujumbe kuuliza kama yuko matatani. Nimemjibu aje na daftari, na asome jalada njiani. Ndiyo, najua nimesema nini kwenye namba 1.