Niliahidi kiwanja mwanangu akipona, mume wangu hakubali: je, nadhiri inanifunga?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Miaka michache iliyopita mwanangu alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Usiku ule nilipiga magoti kando ya kitanda nikaweka nadhiri kwamba akipona nitatoa kiwanja chetu kwa ujenzi wa kigango. Alipona. Mume wangu, ambaye tulikinunua pamoja, sikumshirikisha, na sasa hakubali kabisa. Mwanajumuiya mwenzangu ananiambia mtoto ataugua tena nisipotimiza. Nifanyeje?

JIBU: Milele na milele, amina. Mama, nianze na hiyo hofu ya mtoto kuugua tena, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi kuliko kiwanja chenyewe. Ni kweli Mhubiri anaonya vikali kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe (Mhubiri 5:5), lakini nabii Ezekieli anafundisha waziwazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake (Ezekieli 18:20), na ya mama ni hivyo hivyo. Aliyekutishia hivyo amekosea, hata kama alikuwa na nia njema.

Sasa nadhiri yenyewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1191, inaieleza kuwa ni ahadi iliyofikiriwa na iliyo huru, anayopewa Mungu, juu ya jambo jema linalowezekana na lililo bora zaidi. Wapo watakaokuambia kwamba uliahidi kwa hofu, kwa hiyo haihesabiki. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu hofu inayobatilisha nadhiri kwa mujibu wa kanuni hiyo ni ile kubwa na isiyo ya haki, kama ya mtu anayelazimishwa na mwenzake, na ugonjwa wa mtoto si shuruti ya namna hiyo. Mama yake nabii Samweli, aitwaye Hana, naye aliweka nadhiri ya kumtoa mwana kwa Bwana akilia kwa uchungu, na alipokwisha kumwachisha Samweli ziwa alimpeleka Shilo, kwenye nyumba ya Bwana.

Ugumu wa nadhiri yako uko kwenye mali uliyoitaja. Kiwanja ni chenu wawili, na kanuni ya 1193 inasema kwamba nadhiri humfunga yule tu aliyeiweka, hivyo mumeo hafungwi na maneno ambayo hakuyatamka wala kuyasikia. Bwana wetu aliwakemea wale waliosema mali ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku wakiwanyima wazazi wao haki yao (Marko 7:9-13), na sioni kwamba angependezwa na kigango kilichojengwa juu ya haki ya mume iliyochukuliwa kwa siri. Usithubutu kukiuza kimyakimya wala kumwekea mumeo sahihi.

Hata hivyo, sikwambii kwamba umekwisha kuondokana na deni, kwani Mungu alikusikia ukiahidi na wewe ulikusudia kutoa. Kanuni ya 1196 inampa paroko uwezo wa kuwaondolea waamini wake nadhiri kwa sababu ya haki, ilimradi haki ya mtu mwingine isiguswe, na ya 1197 inakuruhusu wewe mwenyewe kubadili ulichoahidi kwa kitu kilicho sawa au bora zaidi, ila kikiwa pungufu ni lazima umwone mwenye uwezo huo. Huu si ulegevu wa siku hizi, kwa maana hata katika Walawi 27:8 maskini aliyeshindwa kulipa kiasi kilichowekwa alisimamishwa mbele ya kuhani, naye akamkadiria kadiri ya uwezo wake. Nenda basi kwa paroko wako, ikiwezekana pamoja na mumeo, umweleze thamani ya kiwanja na kipato chako mwenyewe bila kukipunguza wala kukikuza. Huenda akakupangia mifuko ya saruji kila baada ya mavuno, au kusaidia gharama za watoto waliolazwa. Mkishakubaliana, anza mara moja, na usiweke nadhiri mpya ya kufidia ile ya zamani.

Endapo mumeo atalainika kwa hiari yake siku za usoni na mkakitoa kiwanja pamoja, hakikisheni hati inaandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, si kwa jina la padre wala la kiongozi yeyote wa kigango.