Saladi ya kichwa Minnesota: kinachoizuia kufunga ni joto

Hapa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kinachoizuia saladi ya kichwa kufunga, yaani kujikunja iwe kichwa kigumu, si baridi, ni joto la Julai. Saladi ya kichwa huchukua siku 70 hadi 85 tangu mbegu, kwa hiyo ukingoja mwisho wa Mei ndipo uisie bustanini, inafika wakati wa kufunga joto likiwa limepita nyuzi 27 za Selsiasi. Hapo badala ya kujikunja kama kabichi inarefusha shina, inatoa maua, na majani yanakuwa machungu.

Mimi hapa Minnesota nasia ndani, kwenye trei dirishani, katikati ya Machi. Mwisho wa Aprili nahamishia nje miche yenye majani manne au matano, sentimita 30 kutoka mche hadi mche. Ukiizoesha nje wiki nzima kwanza, inastahimili jalidi nyepesi. Usiku wa baridi kali naifunika kwa shuka kuukuu. Mbegu usiifukie sana, nusu sentimita yatosha, maana inataka mwanga.

Kichwa ukikibonyeza kwa kiganja ukakuta kigumu, kikate asubuhi hiyo hiyo. Kama mwaka huu umeshachelewa, panda saladi ya majani, hiyo haihitaji kufunga.