Barabara ya kulipia ilivyonilia bati za mama, na jibu langu kwa mpwa wangu

Juzi usiku mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti kutoka Dar, dakika nne nzima. Kaanza na shikamoo mjomba kamaliza na swali. Kapata kazi Posta, kapanga Kigamboni, kanunua gari lake la kwanza, sasa asubuhi anapita Daraja la Nyerere, lile la kulipia linalounganisha Kigamboni na mjini, na jioni analipita tena, kila siku ya kazi, anataka nimwambie kama anafanya sawa au anajiumiza. Kwetu huku mjomba ukiulizwa huwezi kukaa kimya. Na swali lenyewe limegusa pale pale panaponiuma mpaka leo, kwahiyo nikaona nisimjibu yeye peke yake, niandike hapa, maana najua mnaosoma wengi mnapigania yaleyale, gari, kiwanja, nyumba ya wazazi, na wengi mnawaza kutoka Mtwara mkatafute kwenye miji yenye foleni.

Mimi foleni nimeijua ukubwani. Nimezaliwa Mikindani, nimesoma Mtwara mjini, na kwetu ukichelewa umechelewa wewe, huna barabara ya kuisingizia. Agosti 2022 nikapata kazi Nairobi, kampuni ya kufungasha korosho, ofisi Westlands. Nikapanga Mlolongo kwasababu kodi ya kule ni nafuu. Wakati huo Nairobi Expressway ilikuwa ina miezi mitatu tu tangu ianze kupitisha magari, kilomita 27 toka Mlolongo mpaka Westlands, sehemu yake imenyanyuliwa kwa nguzo juu ya barabara ya zamani. Wenyeji wanasema kupita juu na kupita chini. Chini ni Mombasa Road, hulipi kitu ila unakaa. Juu unalipa kulingana na umbali na ukubwa wa gari, na kwa gari dogo kutoka mwanzo mpaka mwisho ilikuwa shilingi 360 za Kenya. Pikipiki na bajaji hawaruhusiwi kabisa.

Wiki ya kwanza nikapita chini. Nilitoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi nikiamini nimewahi, nikafika ofisini saa 3 na dakika 20. Bosi akanisimamisha mbele ya wenzangu wote akasema huyu katoka kijijini, saa bado hajazijua. Sijayasahau yale maneno na sitojifanya nimeyasahau. Kesho yake asubuhi nikapita juu.

Na juu ni raha jamani, nisiwadanganye. Unaingia pale Mlolongo kile kifaa cha kulipia tozo ulichobandika kwenye kioo kinalia mara moja, kizuizi kinanyanyuka, unakwenda 80 bila kukanyaga breki, ukichungulia chini unaona taa nyekundu za wenzako zimeshikana mpaka macho yanaishia. Unajiona umeshafika kimaisha. Nilikuwa nafika ofisini saa 1 na nusu, nakunywa chai, bosi ananikuta mezani. Nikaizoea. Asubuhi juu, jioni juu, hata siku ambazo sina haraka yoyote, hata jioni ambayo nikifika nyumbani nakwenda kulala tu.

Sasa piga hesabu na mimi. 360 mara mbili ni 720 kwa siku. Siku 22 za kazi, 15,840 kwa mwezi. Kwa hela ya wakati ule ni kama laki tatu za kwetu, zaidi ya kodi ya chumba changu. Na mimi nilikuwa nimemuahidi mama bati. Nyumba yake Mikindani ilikuwa bado ya makuti na makuti yenyewe yameshachoka, kila mwezi namwambia mama vumilia mwezi ujao. Laki tatu pale dukani ninapochukulia mimi zilikuwa bati tisa. Yaani kila mwezi bati tisa za mama nilikuwa nazipitisha kwenye kile kizuizi, mojamoja, asubuhi na jioni, na sikuwa naona kwasababu pesa ya kwenye kifaa hata mkononi huishiki, inakatwa tu ukitoka.

Aprili 2023 ndo nikaona. Ilikuwa asubuhi, nimeshafika mwisho wa barabara kule Westlands, na pale kwenye vibanda vya kutokea kuna foleni, maana magari yote yaliyokimbia juu yanakuja kubanana sehemu moja. Nimelipia kukwepa foleni nimekaa kwenye foleni. Simu ikaita, mama. Nikamuuliza mvua vipi huko, hakulalamika, mama yangu si mtu wa kulalamika, akasema subiri usikie mwenyewe. Akasogeza simu. Nikasikia matone yanaanguka kwenye beseni, tap, tap, halafu lingine kwenye sufuria lenye sauti nyembamba zaidi, halafu mtoto wa dada anakohoa. Huyo mtoto ni mdogo wake huyuhuyu mpwa anayeniuliza leo. Mama akarudi kwenye simu akasema baba nakutakia kazi njema. Basi. Gari la nyuma likanipigia honi, nikasogea, nikalipa.

Siku hiyo sikufanya kazi ya maana. Jioni nikachukua karatasi nikaandika miezi yote tangu nianze, tisa, nikazidisha, ikaja 142,560 za Kenya. Halafu nikajiuliza swali ambalo kila mwenye gari ajiulize: ule muda niliokuwa nanunua niliufanyia nini? Jibu nililikuta pale pale, niliulala. Kwa kujua nitapita juu nilikuwa naamka nimechelewa, nashika simu nusu saa, halafu nalipa 360 kufidia. Nilichokuwa nalipia ni aibu ya ile siku ya kwanza mbele ya wenzangu. Na bosi mwenyewe aliyenitia ile aibu, nilipomuomba kampuni inichangie tozo alikataa, wakati kuna wenzangu wawili alikuwa anawarudishia. Hilo nalo nimeliweka.

Nikabadilika. Nikawa natoka Mlolongo saa 11 kasoro alfajiri, napita chini, barabara nyeupe, naswalia msikiti wa njiani, nafika Westlands kabla hakujapambazuka sawasawa. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu sitaisimulia yote. Juu nikaiachia kazi moja tu, siku za kupeleka sampuli za korosho uwanja wa ndege, kwasababu ndege haisubiri na mzigo ukibaki mteja anaondoka. Saa ile ina mwenyewe. Ukiipoteza kuna mtu anakudai. Hiyo ndo saa ya kulipia, na hata tozo yenyewe hapo inakuwa ya ofisi, sio ya mfukoni kwako.

Na siku ambazo tulilazimika kupita juu wengi, tukajaza gari, watu wanne, 360 tukagawana 90, 90. Nina rafiki yuko Virginia kule Marekani, aliniambia barabara yao moja inaitwa I-66, inaingia Washington, tangu Desemba 2017 saa za msongamano, asubuhi na jioni, ukiwa peke yako kwenye gari unalipa na bei inapanda na kushuka kila baada ya dakika chache kufuata wingi wa magari, siku za mwanzo ilifika mpaka kama dola 40, lakini siku hizi mkiwa watatu mna kile kifaa chao maalum mnapita bure. California wana njia za kulipia katikati ya barabara ya 91, wao bei inafuata saa unayopita tangu 1995, saa ya msongamano bei juu, saa tulivu bei chini, makusudi ili ile njia isijae. Nairobi sio hivyo, ukipita saa 2 asubuhi au saa 6 usiku bei ni ileile, kwahiyo kule kulipa usiku barabara ya chini ikiwa tupu ni kutupa pesa. Ndo maana nasema ujue kwanza barabara yako inalipisha vipi. Wengi tunalipa miaka bila kujua.

Desemba 2023 mama akaezekwa. Bati zote, na kofia. Mwezi uliofuata, Januari 2024, tozo ya Nairobi ikapanda kutoka 360 mpaka 500, wenzangu ofisini wanashika vichwa, mimi nilikuwa nimeshatoka kwenye hiyo hesabu, na ndio, nilijisikia fahari, kwanini nisijisikie.

Mkataba ukaisha nikarudi nyumbani mwaka huohuo. Mei nikiwa njiani toka Dar, mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara pale Somanga, mkoani Lindi. Mabasi, malori, watu na watoto, tumekaa. Kuna jamaa alikuwa na gari zuri na pesa anazo, anazunguka anauliza nani alipwe apite. Hakukuwa na wa kulipwa, daraja limekwenda na maji. Tukala mihogo ya kuchemsha ya wanakijiji sote. Namkumbuka yule jamaa kila nikisikia mtu anasema pesa ndo inaleta haraka.

Sasa mpwa wangu, nakuja kwako. Daraja la Nyerere sio sawa na Nairobi moja kwa moja. Pale tangu 2016 unalipa kila ukivuka, na ukilikwepa una pantoni ya Magogoni ambayo nayo unalipa na unasubiri, au uzunguke Kongowe utokee Mbagala, njia ambayo sisi wa Kusini tunaijua maana ndiko mabasi yetu yanakopita, na unajua Mbagala asubuhi ilivyo. Kwahiyo sikuambii usilipe. Nakuambia usilipe kwa mazoea. Tangu walipopunguza tozo 2022 kuna malipo ya siku, ya wiki na ya mwezi, kaulize ya mwezi kwa gari lako ni kiasi gani uilinganishe na unachotoa sasa hivi mojamoja, kama unavuka kila siku na hujawahi kuuliza basi unavuja. Tafuta wenzako wawili watatu wa Kigamboni wanaofanya kazi mjini, mchangie gari na daraja. Amka mapema. Narudia, amka mapema, saa ya alfajiri haina foleni. Na gari sio lazima litoke kila siku eti kwasababu majirani wameliona.

Chukua karatasi, andika siku zako za wiki mbili, kila siku umevuka saa ngapi, umelipa shilingi ngapi, na pembeni uandike jina la mtu aliyekuwa anakusubiri upande wa pili. Pakiwa hakuna jina acha wazi. Ipige picha unitumie Jumamosi, tutakaa nayo mimi na wewe na bibi yako, yeye ndo anajua bati moja ni shilingi ngapi.